Simu, kamera ya mfukoni au DSLR ya mtumba: upige na nini misimu ya mwaka mzima

Swali hili nimeulizwa na madogo wa mwaka wa kwanza kama mara nne tangu semista ianze, na kila nikijibu najikuta najibu tofauti, kwahiyo leo nimekaa niandike yote sehemu moja. Swali lenyewe liko hivi: napenda kupiga picha za kila siku, sio za harusi wala za studio, nataka nipige mtaa wangu, chuo na nyumbani mwaka mzima, mvua ikija nipo, vumbi likija nipo. Sasa nitumie simu niliyonayo, ninunue kamera ndogo ya mfukoni ya mtumba, au nijibane ninunue DSLR (ile kamera kubwa ya kubadilisha lenzi) ya mtumba?

Zote tatu nimepita. Simu naitumia mpaka leo, kamera ya mfukoni nilikaa nayo miezi saba mpaka mchanga ukaimaliza, na DSLR huu mwaka wa pili ninayo. Nasoma Dar, kwetu Njombe, na huko kwenda na kurudi ndo kumenifunza kuliko video zote nilizoangalia, maana zile video watu wanaongelea theluji na majani ya njano yanayodondoka, sisi misimu yetu haiendi hivyo.

Dar kuna masika, Machi mpaka Mei, kuna kipupwe kuanzia Juni upepo wa kusi ukishashika na asubuhi inakuwa na ubaridi wa kutafutia shuka, kuna vuli Oktoba hadi Desemba, afu lile joto la kaskazi linaingia mpaka Februari na unyevu wake wa kulowesha shati ukiwa umekaa tu. Njombe mambo mengine kabisa: mvua ni moja tu ndefu, Novemba hadi Aprili au Mei, halafu baridi na ukungu wa Juni na Julai, halafu vumbi mpaka mvua nyingine. Na katikati kuna njia. Ukipita bonde la Ruaha pale Mbuyuni kiangazi mibuyu iko mitupu kama imepandwa mizizi juu, ukipita tena Januari imevaa majani. Septemba na Oktoba, kabla hata tone la mvua halijadondoka, miti ya miombo inachipua majani mekundu ya rangi ya shaba, msitu mzima, na watu kwenye basi wamelala. Hiyo ndo misimu ninayoongelea, na kifaa kinachofaa ni kile kitakachokuwa mkononi wakati hayo yanapita dirishani.

Vigezo ninavyotumia ni vitano. Hela, ile ya kununulia na ile inayojificha. Maji na unyevu. Mwanga. Kubeba pamoja na macho ya watu. Na kurudia picha ileile miezi kumi na mbili bila kuvuruga mafaili. Ubora wa picha peke yake sijauweka kama kigezo, kwa sababu picha ambayo hukuipiga haina ubora wowote.

HELA

Simu unayo, kwahiyo bei yake ni sifuri, au ndo tunavyojidanganya. Ukianza kupiga kila siku nafasi inajaa, chaji inaisha saa tisa alasiri, na ikidondoka umepoteza kamera, M-Pesa, notsi na namba ya mama kwa mpigo mmoja. Ile hatari ya kupoteza vyote pamoja ndo gharama yake halisi.

Kamera ya mfukoni mimi niliipata kwa laki na thelathini, ikiwa na betri moja na kadi ya 8GB. Bei rahisi, ila angalia betri: nyingi zina betri zake maalum ambazo hazitengenezwi tena, na ikishavimba umebaki na kopo. Zile zinazotumia betri za kawaida za AA ni nzito kidogo lakini hata dukani kwa Mangi utapata chakula chake. Kingine, kamera za kabla ya 2009 hivi hazisomi kadi za 64GB, ukiweka inakuletea era ukadhani ni mbovu kumbe inataka kadi ya 32GB kushuka chini.

DSLR yangu ilikuwa laki nne na themanini na lenzi yake ya 18-55 (namba ndogo inaona pana, kubwa inavuta karibu). Kwa anayeishi kwa bumu (hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo) la elfu kumi kwa siku hizo ni siku arobaini na nane za kutokula, hesabu mwenyewe. Na haiishii hapo, kuna betri ya pili, kadi, begi, na baada ya miezi mitatu utaanza kuota lenzi ya 50mm na hiyo ndoto haina dawa. Ukienda kuinunua uliza shata (kile kipazia cha ndani kinachofunguka kila ukipiga picha) imepiga mara ngapi, hizi za kuanzia kama Nikon D3200 zilipimwa kwa mapigo kama laki moja. Nikon namba hiyo inaandikwa ndani ya picha yenyewe, unaweza kuisoma, Canon nyingi haziandiki kwahiyo hapo unategemea macho yako na uso wa muuzaji. Halafu Nikon ndogo kama D3100 na D3200 hazina mota ya fokasi ndani ya bodi, ukinunua lenzi ya zamani isiyo na mota yake utakuwa unazungusha fokasi kwa mkono kama unatafuta stesheni ya redio.

MAJI NA UNYEVU

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo vifaa vinakufa.

Simu kwanza. Siku hizi nyingi zina zile herufi IP na tarakimu mbili, watu wanasoma IP68 kama hirizi. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji: 4 maana yake inavumilia matone ya kurushiwa, 8 inavumilia kuzama zaidi ya mita moja kwa masharti ya aliyeitengeneza. Ila vipimo hivyo ni vya maji yasiyo na chumvi, sio bahari, na ni vya simu mpya, sio yako iliyofunguliwa kubadilishwa kioo. Kwa mvua ya kawaida ya kutoka darasani hadi hosteli simu ndo inashinda, unaifuta kwenye suruali maisha yanaendelea. Kinachoudhi ni kwamba kioo kikilowa vidole havishiki, unabonyeza huku inapiga kule, dawa yake ni kutumia kitufe cha sauti kupigia picha. Na futa lenzi! Nusu ya picha za masika ninazotumiwa zina utando wa mafuta ya kidole, taa zote zimeota ndevu.

Kamera ya mfukoni haipendi maji, ila inakaa ndani ya kiganja na mwamvuli mmoja unawatosha wote wawili. Adui yake mkubwa ni mchanga. Lenzi yake inatoka na kuingia kama shingo ya kobe, punje moja ikiingia pale inakwama nusu njia na hairudi. Yangu ilifia ufukwe wa Coco siku ya upepo wa kusi, Agosti, nilikuwa nimeiweka mfuko wa nje wa begi karibu na mihogo, nilipoiwasha ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikaandika ujumbe wa kosa la lenzi, basi. Fundi akaniambia kuirekebisha ni bei ya nyingine. Kama unakaa karibu na bahari iweke kwenye kifuko cha zipu, hata vile vya kuwekea karanga.

DSLR za bei yetu hazina kinga yoyote ya maji, bodi wala lenzi. Lakini kwa sababu una muda wa kujipanga unaweza kupiga mvua vizuri kuliko wote: mfuko wa plastiki, toboa tundu la lenzi, funga na rababendi, simama barazani. Mvua yenyewe inaonekana vizuri ikiwa nyuma yake kuna kitu cheusi na mwanga unatokea upande wa pili, ukiweka kasi ya shata kama 1/60 au 1/125 ya sekunde unapata mistari, ukiweka 1/500 kwenda juu unapata matone yamesimama hewani. Simu ukiwasha modi ya usiku inachanganya picha nyingi kuwa moja, na katika kuchanganya inafuta mvua, unabaki na barabara iliyolowa bila sababu. Kamera ya mfukoni ukiacha fleshi inawaka inamulika matone ya mbele ya pua yako, picha inajaa madoa meupe ya duara. Kuna watu wanayapenda, mimi nilikuja kuyapenda baadaye.

Sasa unyevu. Kiswahili kimetuwekea mtego hapa: ukungu wa Njombe saa kumi na mbili asubuhi ni kitu cha kupiga picha, ukungu wa ndani ya lenzi ni msiba, na neno ni moja. Lenzi ikikaa gizani kwenye unyevu, tuseme wa asilimia 60 na kuendelea kwa muda mrefu, inaota ukungu kwenye vioo vya ndani, unaonekana kama utando wa buibui mdogo sana. Dar ni shamba lake. Begi la kamera lenye sponji, chini ya kitanda, chumba cha watu wanne na nguo mbichi zimeanikwa ndani, yani umeutengenezea kitanda. Mimi naweka yangu kwenye kontena la plastiki la kubana mfuniko, lile la kuwekea unga, na ndani kuna vile vifuko vidogo vinavyokuja kwenye viatu vipya vimeandikwa usile. Naomba kwa kila anayenunua viatu. Mchele usiweke, unaacha vumbi. Kabla ya kununua lenzi yoyote washa tochi ya simu, imulike kwa nyuma huku unaangalia kwa mbele, ukiona nyuzinyuzi rudisha, hata kama muuzaji anasema ni vumbi tu bosi.

Simu haina hii shida sana, imefungwa. Kamera ya mfukoni inayo lakini kidogo.

Na kuna lile la kutoka penye baridi kuingia penye joto. Basi linatoka Njombe alfajiri watu wamejifunga mablanketi, linashuka mlima Kitonga, unafika Morogoro kuna joto, unatoa DSLR kwenye begi na kioo chote kimefunga moshi. Vivyo hivyo ukitoka ukumbi wenye kiyoyozi. Usifute, usibadili lenzi muda huo, iache kwenye begi lililofungwa kama nusu saa ipate joto polepole. Simu mara nyingi iko mfukoni karibu na mwili kwahiyo hii haiipati sana. Hiyo pointi nampa simu.

MWANGA

Sisi tuko karibu na ikweta, jua haliteremki, linadondoka. Dar likishazama una dakika kama ishirini za mwanga wa buluu halafu giza, hakuna yale majioni marefu ya kiangazi ya Ulaya. Na jua linapanda juu haraka asubuhi, saa tatu tu vivuli vya macho vimeshaingia. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la Dar linapita utosini kabisa, saa sita na kitu nguzo ya bendera haina kivuli. Wengi wanaficha kamera muda huo, mimi hizo siku mbili naziwekea alama kwenye kalenda kwa sababu mtaa unakuwa wa ajabu, watu wanatembea wamekanyaga vivuli vyao.

Kwenye jua kali la namna hiyo simu inajitahidi sana, inavuta vivuli, inashusha mawingu, uso wa mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukuta mweupe unaonekana bila wewe kufanya lolote. DSLR ya 2011 hapo itakupa uso mweusi tii mpaka ujue kuongeza mwanga kwa kile kitufe cha +/-. Kamera ya mfukoni ndo inapata shida zaidi, mawingu yanaungua yote. Ila zima ile modi ya urembo kwenye simu, zingine inakuja imewashwa, inamfuta bibi mikunjo ya miaka sabini kwa sekunde moja.

Jioni na ndani mambo yanageuka. Sensa ya DSLR ya kawaida (sio ile ya kuhesabu watu, ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ina eneo kubwa kama mara kumi na mbili ya ile ndogo ya kamera nyingi za mfukoni, kwahiyo kwenye mwanga hafifu picha inabaki na nyama. Ukiweka lenzi ya 50mm f/1.8 (inayofunguka sana na kuingiza mwanga mwingi) unapiga kibanda cha chipsi usiku kwa taa yake tu. Simu nzuri za leo sensa yake kuu mara nyingi imeizidi ile ya kamera ya mfukoni, hilo watu hawalijui, wanadhani kamera ni kamera. Wanachonunua kwenye kamera ya mfukoni kiukweli ni vitu viwili: zumu ya lenzi yenyewe, sio ya kukata na kuvuta picha, na fleshi ya kweli. Ile sura ya picha za sherehe za utotoni, uso unang'aa na nyuma giza, simu haiwezi kuitoa kwa taa yake ya tochi.

Ukungu wa kwenye mashamba ya chai ya Njombe unadanganya kamera zote tatu. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaushusha, ukungu unakuwa wa kijivu kama moshi wa gari bovu. Ongeza +1. Kwenye simu gusa skrini halafu vuta kile kijua juu. Kwenye kamera ya mfukoni kipo kwenye menyu, na ukishakipata vidole vimeshakufa ganzi, Julai kule sio mchezo.

Na kabla sijasahau: Coco inatazama mashariki. Watu wanaenda jioni kusubiri jua lizame baharini wanashangaa linazama nyuma ya maghorofa. Coco ni ya saa kumi na mbili asubuhi. Ya jioni ni upande wa pili wa rasi ya Msasani, kule Slipway.

KUBEBA NA MACHO YA WATU

Nilikuwa Feri, soko la samaki, na DSLR shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Naomba nikupige picha moja ukiwa unapaa hao samaki."

"We mwandishi?"

"Hapana mama, mwanafunzi, napiga tu kwa kupenda."

"Kupenda kwenyewe na mtambo wote huo? Haya lete ya soda."

Wiki mbili baadaye nimeenda na simu, mama yuleyule, hakuniuliza kitu, kajiweka sawa na kutabasamu mwenyewe. Halafu akataka nimtumie WhatsApp palepale, nikamtumia. Kwa DSLR ningemwambia nikifika hosteli nitahamisha, na wote tunajua hiyo ahadi inavyoisha.

Lakini kuna upande wa pili. Nyumbani, ukimwambia bibi kamwene (salamu ya kwetu) halafu ukatoa simu, anaona unachati. Ukitoa kamera anaenda kubadili kitenge, anakaa kwenye kiti, anakupa dakika kumi za heshima. Kwa hiyo kamera kubwa inafukuza wengine na inawaita wengine, inategemea uko kwa nani. Ile ya mfukoni watu wanaichukulia kama toi, na kucheka kwao ndo picha inakotokea.

Usalama: simu inakwapuliwa na pikipiki ukiwa umeinyoosha barabarani, DSLR inakutangaza ukiwa stendi. Kwenye daladala saa kumi na moja jioni DSLR ni mzigo, kuna siku nimeishikilia kichwani kama sinia la maandazi. Na kifaa chochote, hata simu, usielekeze kwenye kambi za jeshi, vituo vya polisi wala Ikulu, hutapata muda wa kueleza kuhusu mwanga.

Ukweli wangu: kwa wiki ya masomo simu iko na mimi siku saba, DSLR labda moja au mbili. Kamera ya mfukoni ilikuwa tano.

KURUDIA FREMU NA KUTUNZA MAFAILI

Hiki kigezo watu hawakiwazi mpaka Desemba. Nje ya dirisha la hosteli yetu kuna mkrismasi, mwaka mzima nimeupiga kutoka sehemu moja, ukipukutisha majani, ukining'iniza yale maganda yake kama mapanga, halafu Novemba unawaka mwekundu wote. Ili picha zipangike fremu lazima ilingane. Simu ukibaki kwenye 1x haibadiliki, nzuri sana, tatizo utabadili simu katikati ya mwaka. Kamera ya mfukoni kila ukiiwasha inaanzia upana uleule, nayo safi. DSLR lazima uangalie namba kwenye lenzi, mimi nilianza na 24 nikaendelea na 35 bila kujua, miezi miwili ikaenda na maji.

Tarehe nayo. Kamera nyingi za mfukoni za zamani saa yake ya ndani imekufa, ukitoa betri inarudi mwaka 2008 tarehe mosi Januari. Nina picha za masika na za kipupwe zote zinadai zimepigwa siku ileile, kabla sijamaliza hata chekechea. Andika tarehe kwenye daftari au piga picha ya skrini ya simu mwanzo wa kila siku.

Mafaili: JPEG ya simu ni MB 3 hadi 5, RAW (faili ghafi kabla kamera haijalichakata) ya DSLR ya megapikseli 18 ni kama MB 25, kwahiyo picha 300 zinakula zaidi ya GB 7. Google wanakupa GB 15 za bure, na tangu Juni 2021 picha zinahesabiwa humohumo na barua pepe. Bila laptopu na hadidisiki, RAW zitakutoa machozi. Kama huna laptopu nunua kadi rida ya kuchomeka kwenye simu, inafaa kamera zote mbili. Na ukitumia WhatsApp tuma kama dokumenti, vinginevyo inaikamua picha inabaki ganda.

NANI ANAFAA NINI

Simu ni ya mtu anayetembea sana na kukaa kidogo, anayependa mitaa na watu, asiye na laptopu, anayetaka picha itoke leo. Haimfai anayependa ndege, mwezi, au jukwaa la mbali.

Kamera ya mfukoni ni ya mtu anayetaka kuachana na simu kidogo. Hili sio dogo, ukipiga na simu unatoa kwa ajili ya picha unarudi umejibu meseji kumi na mbili. Pia wa fleshi, wa sherehe za hosteli, wa zumu ya mibuyu kutoka dirishani mwa basi. Haimfai anayeishi ufukweni kama hana nidhamu ya vifuko, na asinunue anayetegemea kifaa hicho kimoja, ikifa imekufa.

DSLR ni ya mtu anayetaka kujifunza mwanga wenyewe, mwenye kaeneo anakorudi tena na tena, mwenye kabati kavu na laptopu hata ya kuazima. Video sijaiongelea, kwa hizi za zamani simu inatosha.

UKIWA KWENYE HALI HII, FANYA HIVI

Uko mwaka wa kwanza na bumu la kwanza limeingia: usinunue kitu. Piga na simu masika yote, mahali pamoja, kila wiki. Ikifika Juni bado unaenda, hapo tafuta kamera, na utakuwa unajua unakosa nini, kama ni zumu au giza au fokasi.

Unasoma Dar, Tanga au Zanzibar na chumba chako kina unyevu: simu au ya mfukoni. Ukitaka DSLR nunua kontena kwanza, kamera baadaye, kwa mpangilio huo.

Unasoma Mbeya, Iringa, Njombe au Arusha, kuna baridi na mwanga wa pembeni asubuhi: DSLR itakulipa kuliko ingelipa Dar. Tembea na betri ya pili mfuko wa ndani wa koti, kwenye baridi betri inashuka haraka na ukiipasha inarudi kidogo. Na Agosti mpaka Oktoba usibadili lenzi barabarani, vumbi likiingia kwenye sensa utaona madoa kwenye kila anga utakayopiga.

Una laki moja na nusu na sio zaidi: ya mfukoni ya betri za AA, iwashe na kuizima mara kumi mbele ya muuzaji, vuta zumu mwanzo mwisho, sikiliza kama inakwaruza. Ikikwaruza ondoka.

Una laki tano ila simu yako imepasuka na haishiki chaji: hapa nitawaudhi wapenda kamera, badili simu.

Unapiga watu zaidi ya mandhari: simu sokoni, kamera kubwa ukiwa kwa wazee nyumbani. Kama huwezi kuwa na zote, fikiria wapi unapiga zaidi, kwa mama wa Feri au kwa bibi.

Unasafiri njia ya Iringa mwishoni mwa Septemba au Oktoba: kaa upande wa dirisha, futa kioo kwa ndani, simu au ya mfukoni ibandike karibu kabisa na kioo ili usipate sura yako mwenyewe, DSLR weka shata 1/1000 kwa sababu dereva hatapunguza mwendo kwa ajili ya miombo yako. Na kiti cha dirisha kakate mapema, siku ya safari vyote vinakuwa vimeshachukuliwa na watu wanaoenda kulala.